Kilo Nne Nilizozirudisha Mtoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Gustave. Sheikh uliyetoka Mayfair na Mchungaji uliyetoka Bellevue, ambao leo mmekaa meza moja. Ndugu wageni waalikwa kutoka klabu za jirani. Wanachama wenzangu wa Klabu ya Ndoana ya Maziwa na Pwani. Akina mama mliokuwa jikoni tangu asubuhi. Na nyinyi vijana mliozaliwa hapa Johannesburg, mnaoelewa kila neno ninalosema na kunijibu kwa Kizulu: nawaamkia nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kwa wasionifahamu, naitwa Ishaka Mbaruku, mzaliwa wa Tanga, fundi wa makochi hapa Kensington, na kwa miaka tisa nimekuwa nahodha wa timu ya klabu hii. Leo naachia unahodha. Kadi ya mwaliko inasema mmekuja kunipongeza. Naomba pongezi zisubiri kidogo, maana nina jambo ambalo nimelibeba kwa wiki tatu, na limenichosha kuliko miaka yote hiyo tisa.

Wengi wenu mnajua kwamba tumeshuka daraja. Mnajua ilitokea kwenye mashindano ya mwisho, pale Mto Vaal, na mnajua tulikosa kubaki kwa kilo moja na gramu mia moja tu. Mnachokijua kinaishia hapo.

Nianze na siku yenyewe. Tuliondoka na kombi alfajiri, watu sita, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikivalisha ngozi viti vya mkahawa mmoja, goti langu la kushoto limevimba, na nilisinzia njia nzima. Tulipofika, mto ulikuwa umejaa na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yanakimbia, yanabeba magogo na mifuko ya plastiki. Nani kati yenu angeyatazama maji yale akasema leo nitapata samaki?

Kwa wageni wasioujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Vigingi vyenye namba hupigwa ukingoni mwa mto, kila mvuvi anachomoa namba yake kwenye mfuko, na pale namba ilipo ndipo atakapokaa kwa saa tano, asisogee. Kila samaki anayempata anamweka hai ndani ya wavu mrefu unaolala majini. Filimbi ya mwisho ikilia, msimamizi anapita na mizani, samaki wanapimwa, kisha wote wanarudishwa mtoni. Na iko sheria moja ambayo mimi mwenyewe, kama nahodha, niliwasomea wenzangu asubuhi ile: samaki anahesabiwa akiwa amenaswa mdomoni. Akinaswa ubavuni au tumboni, kwa bahati tu ya ndoana kupita, hahesabiwi, anarudishwa majini hapo hapo.

Nilichomoa namba kumi na tisa, kigingi cha mwisho kabisa, kwenye kona ambako maji yanapiga kwa nguvu. Namba kumi na nane, hatua kumi na tano kutoka kwangu, akachomoa Murielle. Murielle mnamjua. Ndiye anayewasuka nusu ya akina mama walioko humu ukumbini, ametoka Bukavu, na ni mwanamke pekee katika timu yetu.

Kabla ya filimbi nilitoa amri. Nilisema wote tutupe mbali, katikati ya mto, kwa chambo kikubwa, tukimtafuta kapi, yule samaki mzito wa magamba ya rangi ya shaba, kwa sababu kapi wawili watatu wangetosha kutuokoa. Murielle akasema, "Kapitene, kule mbali maji inakimbia sana. Samaki ziko huku karibu, chini ya majani. Ndogo, lakini ziko."

Nikamwambia, "Dada, leo si siku ya mabishano."

Filimbi ikalia saa tatu. Saa nne, sina kitu. Saa tano, sina kitu. Kila nilipotupa, mkondo ulinivutia mshipi hadi kwenye magogo, nikakata, nikafunga ndoana nyingine, nikatupa tena. Upepo ukaanza, kisha mvua nyembamba, kisha jua kali lililokausha nguo mwilini zikiwa bado na matope. Vigingi vichache kutoka kwetu, Emery, kijana wetu wa Bujumbura ambaye hajawahi kukaidi neno langu, alikuwa anatupa mbali kama nilivyoamuru na kuvuta ndoana tupu. Na Murielle? Murielle alikuwa ameshika fimbo yake fupi ya kuvulia, anavua miguuni pake, na kila baada ya dakika chache anainua kisamaki cha urefu wa kiganja na kukitumbukiza wavuni.

Nilimfokea. Naomba wale waliosema baadaye kwamba Murielle hana nidhamu wajue kwamba wa kwanza kusema hivyo nilikuwa mimi, kwa sauti, mbele ya klabu nyingine. Nilimwambia anachezea nafasi ya timu. Alibadilisha funza kwenye ndoana akaendelea.

Ilipofika saa saba na robo, dakika arobaini na tano kabla ya mwisho, nilikuwa nimekwishakata tamaa. Hapo fimbo ikapinda. Mshipi ukatoka kwa kasi, nikasimama na goti bovu, nikapambana naye karibu dakika kumi na mbili, nikamleta ukingoni na kumwinua kwa wavu wa mkono. Kapi. Kilo nne, huenda na zaidi. Nikamgeuza nitoe ndoana, na mdomoni hamkuwa na kitu. Ndoana ilikuwa imemshika chini ya tumbo, karibu na pezi.

Ndugu zangu, mngefanya nini? Mimi nitawaambia nilichofanya. Nilichomoa ndoana haraka, nikaangalia kushoto na kulia, nikamtia kwenye wavu wangu.

Nilipoinua uso, Murielle alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona ndoana ilipokuwa. Aliyarudisha macho yake kwenye boya lake.

Nilikaa na samaki yule dakika ishirini. Sikutupa tena. Nilisikia akipiga mkia ndani ya wavu. Nilijiambia kwamba hakuna anayejua, kwamba klabu tajiri hufanya mabaya zaidi, kwamba watu watano wamelowa tangu asubuhi kwa sababu ya amri yangu na nina wajibu wa kuwaokoa. Yote hayo nilijiambia. Kisha nikauinua wavu, nikamshika kwa mikono miwili, nikamteremsha majini. Tafadhali msinipigie makofi. Sikumwachia kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilimwachia kwa sababu nilichoka kumsikiliza.

Filimbi ikalia saa nane. Msimamizi wa mizani, mzee Mzungu wa Kiafrikana mwenye kofia pana, alifika kwangu, akautazama wavu mtupu, akaandika sifuri. Kwa Murielle alihesabu samaki hamsini na wawili, kilo mbili na nusu. Wengine wanne kwa pamoja hawakufikisha hata kilo moja. Yaani karibu uzito wote wa timu ulitoka kwa mtu aliyekataa amri yangu, na kama wote tungevua kama yeye, leo tungekuwa bado kwenye daraja letu.

Lakini watu waliochoka hawahesabu vizuri. Ndani ya kombi, Emery alisema, "Eish, kama dada Murielle angetupa mbali kama sisi, angepata kapi hata mmoja, tungebaki." Wengine wakaitikia. Na mimi, nahodha, niliyejua kwamba amri yangu ndiyo iliyotuzamisha, niliegemeza kichwa kwenye kioo nikajifanya nimelala. Neno lile lilitoka kwenye kombi likafika Bellevue, likafika msikitini, likafika saluni kwake, na kwa wiki tatu nililiacha litembee.

Yeye angeweza kulizima kwa sentensi moja. Angesema, "Muulizeni kapitene wenu alikuwa na nini kwenye wavu." Hakusema. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na nyumbani, wenzetu wote ila dereva wamesinzia, aliinama kutoka kiti cha nyuma akaniuliza polepole, "Ile samaki, wakati uliiachilia, ilienda muzuri?"

Nimekuwa fundi miaka thelathini, nimekosana na wateja na wenye nyumba, na hakuna swali lililowahi kunivunja kama lile. Jibu lilikuwa ndiyo. Alikaa kidogo kwenye maji ya kina kifupi, akapumua, akaondoka. Ningeweza kumwambia. Nilitazama mbele hadi taa ikawa kijani.

Kamati, kama mnavyojua, ilimchagua Emery awe nahodha mpya. Alhamisi iliyopita nilimwita karakana, nikamweleza yote haya huku nikiwa nimekaa juu ya kochi lisilo na magodoro. Emery akasema, "Mzee, basi mimi sikai kwenye nafasi hiyo. Na lile neno la kwenye kombi ni langu. Twende kwake."

Tulikwenda saluni wote wawili. Emery aliomba radhi mbele ya wateja, akiwa amesimama, na mimi nikaomba baada yake. Murielle aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari aliokuwa nao mkononi. Tukamwomba achukue unahodha. Akasema atakubali kwa sharti moja: kwamba mimi mwenyewe niwaeleze nyinyi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama, kabla ya chakula. Si kwa barua, wala kwa kupitia kamati.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, sharti limetimizwa, na Kamati iliridhia jana. Nahodha wa klabu hii, kuanzia saa hii, ni Murielle. Mwakani atawaongoza katika daraja la chini, na ameniambia kila mvuvi atavua pale anapomwona samaki. Mimi ameniwekea nafasi kwenye timu. Nimemwomba mwezi mmoja wa kulala kwanza, na amenipa wiki mbili.

Mmenivumilia kwa utulivu ambao sikuustahili, na kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni, mmoja mmoja. Goti linaniuma. Naomba sasa mniruhusu niketi.