Domitila, Mama wa Makalavati

Ndugu waombolezaji, familia imenipa heshima ya kuwaeleza safari ya mama yetu, Domitila Rogath Mkapunda, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kata ya Mtua, wilayani Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Rogath na mama Koleta, wakulima wa korosho na ufuta.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1963, na tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa takatifu na mzee Anselmo, wakajaliwa watoto watano, mmoja ametangulia mbele ya haki.

Mwaka 1974 alipata kibarua kwenye barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa, akiwapikia mafundi, lakini uji ukishaiva alikuwa anakwenda kusimama penye shimo, akitazama mawe yanavyopangwa, hata akaijua kazi kuliko baadhi ya waliolipwa kuifanya.

Nyapara alipopiga vigingi vya kalavati, njia ya kupitishia maji chini ya barabara, kwenye kijito, Domitila alimwambia, "Mzee, maji hayapiti hapo, yanapita pale kwenye matete," wenzake wakacheka, nyapara akamjibu arudi jikoni, naye akarudi, moyo ukimuuma.

Januari 1979 mvua ilisomba kalavati lile lote, na siku hiyohiyo Saada, mke wa mzee Bilali, akafikishwa kijitoni akiwa na uchungu wa kujifungua, asiweze kuvuka kwenda hospitali, ndipo Domitila alipoingia majini hadi kifuani, akapapasa kwa miguu mpaka akapata penye mwamba, akawaongoza wanaume wanne waliobeba kitanda, Saada akavuka na kujifungua salama.

Nyapara yule, Mungu amrehemu, alikuwa muungwana, maana maji yalipopungua alimkabidhi vigingi mbele ya watu wote, akasema, "Haya mama, piga wewe," na kalavati alilolijenga penye matete magari yanalipita mpaka leo.

Tangu hapo hakurudi jikoni, akawa fundi, kisha msimamizi, hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 2022, mitaa ilipokuwa inapewa majina, wakazi walipendekeza jina lake, mwenyekiti wetu Bashiri akaja kumuuliza kwa wasiwasi, akidhani atakataa, kumbe bibi akacheka na kusema, "Andikeni upesi, nikisome mwenyewe kibao nikingali na macho," na kibao kilipowekwa alivaa kitenge kipya, akakisoma kwa sauti mara mbili, akauliza mbona nguzo imeinama, akaagiza ichimbwe upya.

Alianza kuugua moyo mwezi Februari mwaka huu wa 2025, akahudumiwa kwa upendo, na Jumanne tarehe 3 Juni, asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai na wajukuu, aliaga dunia kwa utulivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani Waislamu kwa Wakristo mliochimba kaburi pamoja, na wafanyakazi wenzake mliotoka Ruangwa na Nanganga kuja kumsindikiza.

Mama, umechoka kwa haki, lala sasa, Mwenyezi Mungu akupe pumziko la amani.