Dakika Kumi na Moja Alizozitia Saini

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka kazini moja kwa moja mkiwa bado na vitambulisho shingoni, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Familia imenituma nisome, mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, mambo ya kompyuta nayasikia tu, hivyo nikikosea jina la mtambo mnivumilie, ila tarehe nimezitoa kwenye daftari lake, na yeye hakuwa mtu wa kuandika tarehe kwa kukisia.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Novemba 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa shirika la simu, chumba na sebule, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa laini za simu na mkunga. Alikuwa mtoto mwoga, sisemi kwa kumdhalilisha, mwenyewe alikiri mbele ya yeyote, aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa mlango ukijibamiza. Tarehe 3 Agosti 1983, baba alipanda nguzo iliyobeba pia nyaya za umeme, baada ya mwenzake kumwambia kutoka chini, "Panda tu, umeme nimeshazima," na umeme ulikuwa haujazimwa, baba akarudi nyumbani baada ya wiki saba na mkono wa kushoto usioshika kitu, na tangu siku hiyo dada akaogopa jambo moja kuliko yote, mtu anayesema amehakikisha kabla hajahakikisha.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1982 hadi 1988, sekondari ya wasichana hadi 1992, kisha chuo cha ufundi alikotoka mwaka 1996 na stashahada ya elektroniki, katika darasa la wanaume thelathini na mmoja na yeye. Aprili 1997 aliajiriwa kuunga nyaya za simu kwenye mashimo ya barabarani, na huko alijifunza mengi ambayo hayamo katika mtihani wowote, kusoma ramani ya jengo, kutambua kwa sikio feni inayokaribia kufa, kuandika ripoti ambayo hata karani wa masjala ataielewa, na kumsikiliza mteja mwenye hasira mpaka amalize. Mwaka 2003 alijiandikisha kwa mtihani wa cheti cha uhandisi wa mitandao, maswali yakawa yamevuja, yanazunguka ofisini ndani ya bahasha, wenzake watano wakafaulu wiki moja, yeye akakataa hata kuyaona, akafeli tarehe 18 Septemba, wakamtania mpaka wakachoka, akarudia tarehe 11 Februari 2004, akafaulu. Nilipomuuliza anajitesea nini, alinijibu, "Mdogo wangu, siku mtambo utakaponiuliza swali, bahasha nitaitoa wapi?"

Kabla ya hapo, tarehe 21 Agosti 1999, alikuwa amefunga ndoa na mwalimu wa fizikia, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye alimposa akiwa amemshikia ngazi, kwa kuwa dada alikuwa juu anavuta waya wa shule na ameogopa kushuka, shemeji anasema hakuna mwanamke aliyewahi kumkubali mtu haraka hivyo. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2001 na kijana mwaka 2005.

Juni 2011 alijiunga na hospitali kubwa yenye vitanda mia nne, na mwaka 2016 akawa mkuu wa kitengo cha mitandao. Sasa nasoma sehemu ambayo baadhi ya ndugu walinishauri niiruke, lakini marehemu aliiandika kwa mkono wake, na mimi sina ubavu wa kuifuta.

Alhamisi, tarehe 7 Juni 2018, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa katika chumba cha mitambo, alikusudia kubadilisha mpangilio wa mtandao wa jengo la utawala, akaandika amri hiyo kwenye mtambo wa chumba cha wagonjwa mahututi, akabonyeza. Laiti skrini zingezimika manesi wangeshtuka, lakini ziliganda, kwa dakika kumi na moja meza ya manesi ilionyesha mapigo ya moyo ya saa nne na ishirini, na kwenye kitanda cha sita alilala seremala mmoja, baba wa watoto wanne, ambaye kwenye skrini alikuwa anaendelea vizuri na kitandani alikuwa anakata roho. Nesi aliyepita kumrekebishia shuka ndiye aliyeona midomo imebadilika rangi, akapiga kelele, madaktari wakakimbia, wakamrudisha.

Dada aligundua kosa, akalirekebisha, skrini zikatembea, na hapakuwa na aliyejua chanzo isipokuwa yeye na fundi wa kampuni iliyouza mitambo, aliyekuwa amesimama nyuma yake, naye akamnong'oneza, "Sema ni umeme, dada, umeme haujawahi kupandishwa kizimbani." Dada alimpigia mumewe, akamwambia, "Nusura niue mtu, na hakuna anayejua," shemeji akiwa darasani na chaki mkononi akasema, "Wewe unajua." Kabla ya adhuhuri alikuwa ameandika ripoti, saa, mtambo, amri herufi kwa herufi, na chini yake jina lake kamili na saini.

Mkurugenzi wa utawala alimrudishia karatasi ile, akamwambia, "Mama, hapa kuna kazi, kuna cheti, kuna jela, andika hitilafu ya mtambo tuendelee na maisha." Dada alijibu, "Nikiandika hivyo mtanunua mtambo mpya, na mwingine atakosea palepale nilipokosea mimi." Jumatatu, tarehe 11 Juni, alisimamishwa kazi, na waliotoa cheti wakamwandikia ajieleze.

Zile wiki tisa sitazisahau, alifungasha mkoba mdogo, nguo mbili, mswaki, miwani ya akiba, akauweka nyuma ya mlango, gari likipunguza mwendo nje anaacha kutafuna, anasikiliza, likipita anaendelea, na kijana wake aliuliza, "Mama anasafiri?" Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, si ungenyamaza tu?" na kwa jicho alilonitazama nalo, sikulirudia tena swali hilo.

Tarehe 14 Julai aliniomba nimsindikize nyumbani kwa yule seremala, njia nzima alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi, mke wa seremala akafungua, dada akasema yote palepale mlangoni, amesimama. Yule mama akasema, "Sisi tuliambiwa ni umeme," akafungua mlango wote, "Ingia, ukamwambie mwenyewe." Seremala alikuwa kwenye kiti, amekonda, akasikiliza, akauliza, "Ni dakika ngapi?" dada akasema, "Kumi na moja." Akauliza tena, "Leo kile kitanda kina mtu?" dada akasema, "Kina mtu." Yule mzee akamwambia, "Basi unafanya nini hapa? Nenda wakurudishe, ukatengeneze."

Tarehe 16 Agosti kamati ya nidhamu ya hospitali ilitoa uamuzi, akapewa onyo la maandishi, akavuliwa ukuu, ambao hakurudishiwa mpaka mwisho, ila cheti aliachiwa, na kutokana na ripoti yake ikawekwa kanuni kwamba mtandao wa wagonjwa mahututi hauguswi na mtu mmoja peke yake, na kila skrini ikawekewa saa inayoonyesha namba imefika lini. Hofu haikumtoka, kila siku aliwapigia manesi mara tatu kuuliza, "Namba zinatembea?" nao wakambandika jina la Mama Zinatembea, akalipokea, akacheka, na kesho yake akapiga tena.

Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo, tarehe 6 Novemba ikabainika ni saratani ya ini, alitibiwa miezi minne. Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, mchana, nilikuwa naye peke yangu, shemeji amekwenda kumpokea binti stendi, akaniambia, "Mdogo wangu, naogopa," nikavuta kiti, nikaishika miguu yake iliyokuwa ya baridi, naye akasema, "Hapohapo, usiondoke." Sikuondoka. Alifariki saa kumi na dakika arobaini jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari ambao hawakumficha chochote alichouliza, majirani mliopika na kuteka maji nyumbani kwetu tangu Novemba bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wale waliokuwa wameacha kumsalimia na leo wamekuja, tumewaona, karibuni. Dada yetu, umechoka, lala sasa, na amani ikae nawe.