Paka Arobaini na Mmoja wa Dolores na Verne

Mheshimiwa Diwani Halvorsen; Mchungaji wetu, uliyetupa ukumbi huu pamoja na jiko lake; Daktari Amundson; wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuokoa paka wa nasaba hapa Duluth; ndugu wageni mliokuja na theluji yote hii: karibuni sana, na kahawa bado ipo.

Tumekuja kuwaaga Dolores na Verne Wachowiak, ambao kwa miaka kumi na tisa wamewapa hifadhi paka arobaini na mmoja waliokuwa wakisubiri kupata makwao, na ambao Jumamosi wanahamia Arizona kwa binti yao, kwa kuwa magoti ya Dolores yamegoma kabisa kuishi na baridi yetu.

Wapo wanaoniuliza: paka mwenye cheti cha ukoo na bei ya kutisha, anaokolewa kutoka kwenye nini? Hawakuwapo Machi ile tulipoitwa kwa mfugaji mmoja nje ya mji, mzee aliyeugua na kubaki peke yake na paka kumi na saba wa Kiajemi. Jike mmoja mweupe, manyoya yalikuwa yamemganda mwilini hata ikabidi Daktari Amundson amnyoe wote, akabaki na nywele za kichwani na ncha ya mkia. Dolores akamchukua, wa kwanza kati ya wale arobaini na mmoja. Verne alipochungulia ndani ya kasha akauliza:

"Mama, umeniletea kuku aliyenyonyolewa?"

"Ni Mwajemi huyo, mzee. Ana cheti."

"Basi mvalishe hicho cheti, atakufa na baridi."

Mnacheka, lakini wiki ile nyumbani mwao hakucheka mtu. Paka alijipenyeza nyuma ya mashine ya kufulia na kukataa chakula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari akatuonya kwamba asipokula hadi kesho yake atalazwa na kulishwa kwa mrija, na kwa udhaifu ule hakutuahidi lolote. Dolores, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini bila mtoto hata mmoja kumwona akitoa chozi, alinipigia simu akilia.

Mchana huo Verne, ambaye alikuwa ameapa kutomgusa paka yeyote, alishuka chini na mkate wake uliojazwa samaki wa moshi, akaketi sakafuni, akaegemea mashine, akaanza kula huku akimsimulia paka jinsi timu yetu ya hoki ilivyofungwa. Alisimulia mchezo mzima, na chumvi akaongeza. Dolores, akiwa kwenye ngazi, akasikia kimya, kisha sauti ya mumewe: "Taratibu, bibie. Hicho ni kidole, samaki yuko huku."

Alikula! Kufikia Julai alikuwa amefunikwa na manyoya kama wingu, na Toivo Kangas, fundi bomba mstaafu aliyefiwa na mkewe, akaja kuomba kumchukua. Verne alimhoji saa nzima. Mashine yako ya kufulia ina kelele? Samaki unanunua wapi? Hoki unashabikia nani? Mzee Kangas akajibu yote, kisha akasema, "Na mimi nina swali moja. Wewe utaweza kuachana naye?"

Verne alimbeba paka mwenyewe hadi kwenye gari, akasimama barabarani mpaka gari likapinda kona, akarudi ndani akapenga kamasi. "Mama," akasema, "chumba kiko wazi. Wapigie simu watu wa chama."

Ni nani kati yetu angeweza hivyo mara arobaini na moja? Mimi nimekuwa mwenyekiti wenu miaka kumi na mmoja, nimewaomba vyumba vyenu bila haya, na nyumbani kwangu hajalala paka hata mmoja. Nilikuwa nikisingizia zulia jipya. Ndugu zangu, zulia lile lina miaka tisa. Ukweli ni kwamba niliogopa siku ya kuagana, na wiki iliyopita nilimwambia Dolores hivyo.

"Marlys, mwanangu," akanijibu, "mimi naogopa kila mara. Wakiondoka nalia mpaka chai inapoa. Halafu nabadilisha shuka, kwa sababu kuna mwenzao mahali fulani yuko nyuma ya mashine."

Dolores, Verne, sina zawadi inayowatosha. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba jana asubuhi nilitia saini fomu ileile niliyowapa ninyi mara nyingi hivyo. Ni paka ndugu wawili wa Kisiamu, dume na jike, wazee, wenye sauti kama bawaba zisizotiwa mafuta, na hivi sasa wako jikoni kwangu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Keki kateni bila mimi, tafadhali. Wale wawili hawajazoea kuachwa peke yao, na mimi nimeahidi kurudi mapema.