Kilo za Gikunda

Nauza kahawa hapa Nchiru, kwa benchi iliyo kati ya hosteli za wanafunzi na duka la dawa za mifugo, na wanaokaa hapo ni walewale watatu, maneno mengi, kahawa kidogo: Kathuri, mbeba magunia tunayemwita Tani, mabega kama mlango, Mbaka tunayemwita Prof, ambaye chuo kikuu amekijua kwa geti tu, na Kailemia wa hilo duka, Dakta Ndama. Asubuhi hiyo nilikuwa na Gikunda wangu kifuani, mtoto wa wiki tatu, alizaliwa kilo mbili na nusu, nesi alisema yuko sawa lakini kesho anapimwa tena na mimi usingizi sina, kwa sababu nikiwa na mimba niliongeza kilo kumi na saba, mimi, na Nyibol, jirani yangu kutoka Sudan Kusini, aliongeza nane tu, mwembamba kama muwa, akazaa mtoto wa kilo nne. Nne! Nikakosea nikawauliza hao watatu kwa nini.

— Hiyo ni rahisi, Mama Gikunda, akasema Dakta Ndama. Ng'ombe akinona sana, ndama anakosa pa kukaa. Ulimbana.

— Nilimbana?

— Na chakula chake ukakula wewe. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Lakini mama mkwe ndiye alikuwa ananiletea uji, asubuhi na jioni, amesimama hapo mpaka nimalize, ningekataa aje?

— Wacha kutisha mama wa watu, akasema Prof. Hii ni fizikia ya Form Two. Vitu hupanuka kwa joto. Sudan ni joto, mtoto anapanuka. Sisi tuko karibu na mlima, mtoto anajikunyata kwa baridi.

— Lakini Nyibol alibeba mimba yote hapahapa Nchiru!

— Joto alikuja nalo kwa damu, bana.

Tani akagonga benchi.

— Si joto, ni urefu. Wale ni watu warefu, mtoto akiwa ndani ako na ghorofa mbili. Huyu wako alipangishwa bedsita, chumba kimoja tu. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, ndiyo maana akahama mapema.

Wakacheka, hata mimi nikacheka, lakini mkono ulikuwa chini ya leso niliyombebea, unatafuta pumzi ya mtoto.

Hapo Nyibol akatokea, mtoto begani, akaomba kahawa. Wakamrushia zile nadharia zote kwa pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, Kiswahili chake bado kinajifunza kutembea, kisha akampima Tani kwa macho, kutoka viatu mpaka kofia.

— Na wewe, Tani. Mama yako alizaa wewe kilo ngapi?

Tani akafungua mdomo.

— Mimi? Mimi nilizaliwa shambani, mama akichuma kahawa. Mizani iliyokuwa karibu ni ya kahawa, na mimi haikunipima.

— Prof?

Prof akaangalia ndani ya kikombe.

— Dakta?

— Nakwambia ya ndama wote wa Nchiru. Yangu... hapana.

Nikatazama yale mabega ya Tani, ambayo hakuna aliyewahi kuyapima, na mkono nikautoa chini ya leso.

Gikunda akaamka akilia. Nikampa ziwa. Tani akanyoosha kikombe. Nikainamisha thamosi, likatoka tone moja. Kahawa imeisha, nikawaambia. Gikunda peke yake ndiye aliyeendelea kunywa, akimeza kwa sauti, kana kwamba anajua kesho kuna mizani.