Hidaya wa Majengo na Stoo ya Ngozi

Mkokoteni ulikuwa umeshapita kona ya soko, wasikilizaji wapendwa, na Kanana alikuwa nyuma yake akisukuma. Juu kulikuwa na godoro, sufuria mbili na watoto wake watatu. Asubuhi hiyo vibanda vyao vilikuwa vimebomolewa. Ni Meru mjini, mwaka wa 1989.

Leo tunamkumbuka aliyemsimamisha. Hidaya Ismael, mjane wa mchinjaji wa mtaa wa Majengo, aliyetutoka Ijumaa iliyopita akiwa na miaka themanini na mbili.

"Unaenda wapi na watoto na jua hili?" Hidaya aliuliza akiwa mlangoni pa bucha.

"Kwa naibu wa chifu, Mama Hassan. Anasema mwenye hana nyumba, watoto wapelekwe makao, mimi nirudi kwetu Ruiri."

"Ruiri kuna shamba?"

"Ndugu za bwana walichukua."

Hidaya akavua aproni, wakaenda pamoja. Shikeni hapo, wasikilizaji: watoto watatu walikuwa karibu kutenganishwa na mama yao.

Ofisini, naibu wa chifu, Mwongera, alikuwa ameshashika kalamu. Hidaya akasema, "Hawa wanakaa kwangu."

Uwongo mtupu. Hidaya alikuwa na vyumba viwili, kimoja chake na kingine cha mwanawe, na stoo ya ngozi. Basi.

Mwongera akacheka. "Mtu wa kanisa kutoka Ruiri, kwa Mwislamu? Tangu lini?"

"Kwani nyumba huuliza mtu anasali wapi?"

"Haya. Kesho saa mbili nakuja kuona. Nikikosa mahali wanalala, watoto wanaenda."

Hassan, mwanawe, ameniambia hivi: "Mama alirudi akasema tutoe ngozi zote. Nikauliza tutaziweka wapi. Akasema, kitandani kwako. Nikadhani ni mzaha. Wiki mbili nililala na ngozi za mbuzi!"

Stoo waliisugua kwa majivu na maji moto mpaka jua likatua. Harufu haikutoka.

Asubuhi yake, saa mbili, Mwongera akafika. Akaingia, akatoka haraka, leso puani.

"Mama Hassan, hapa mtu analala kweli?"

Aliyejibu ni Mukiri, binti mkubwa wa Kanana, wa miaka tisa. "Tumelala, chifu. Hata mvua imenyesha na hatukuamka."

Mwongera akaondoa leso puani. Halafu akaandika barua, akapiga muhuri: mama na watoto watatu, wakazi wa Majengo. Kwa barua hiyo, Jumatatu watoto waliandikishwa shule.

Kanana alikaa miaka sita. Alipohama, Hidaya hakurudisha ngozi ndani. Alimweka Wawira wa Gachoka, mama mwingine aliyekosa nyumba, na mapacha wake, na baada ya Wawira wakaja wengine. Ngozi akawa anauza mbichi, kwa bei ya chini, kwani hakuwa tena na pa kuzikaushia.

Hassan na jamaa zote za Majengo, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nanyi mnaonisikiliza, mimi nimezunguka Meru na Embu miaka mingi kwa miguu, na sijaona mji usio na stoo. Tazameni zenu.

Mwongera alistaafu, akafariki. Hassan bado ana bucha. Wawira alirudi Gachoka, mapacha wake ni mafundi wa ujenzi Embu. Hidaya alizikwa Ijumaa hiyo hiyo, alasiri. Kanana alinunua kiploti cha ardhi Ruiri kwa kuuza viazi vya Kibirichia. Mukiri ni mwalimu. Yeye, wadogo zake wawili na mama yao wanakaa boma moja.