Mama Subiri na Neno "Amekubali"

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, akasomea upigaji chapa. Darasani alikuwa na mdomo, jamani. Mwalimu alipomkatiza mtoto mwenye kigugumizi, yeye alimwambia mwalimu asubiri, mwenzake hajamaliza. Jina la Subiri likamganda.

Alikuwa mpiga chapa wa mahakama tangu 1979 hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 6 Desemba 1982 aliolewa na fundi umeme, ambaye hulalamika mpaka leo kwamba alipoleta posa aliambiwa asubiri, akasubiri miezi kumi na minne.

Baada ya kustaafu alijitolea kuwa mtetezi katika makao ya wazee. Hakuwa mwajiriwa wa makao wala ndugu wa mtu. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya asiyeweza kujisemea na kuhakikisha analolitaka limeandikwa.

Hapa ndipo familia ilipovutana kuhusu wasifu huu. Mjomba alisema msiba si mahali pa kuanika makosa. Lakini marehemu alimwagiza mdogo wake, anayesoma wasifu huu: "Msinifanye malaika. Liandikeni na lile."

Basi ni hivi. Tarehe 11 Mei 2017 kilikaa kikao cha fundi saa mmoja, aliyepooza na kupoteza usemi. Aliulizwa kama angependa kubaki makaoni moja kwa moja. Akainamisha kichwa. Dada yetu, akiwa na haraka ya kikao kingine, aliandika "amekubali". Wiki iliyofuata dada wa fundi saa alimfuata makaoni. "Kaka akiinamisha kichwa anasema nimesikia," alimwambia. "Hajasema nimekubali." Nyumba ya mzee ilikuwa imeshapewa wapangaji wengine.

Miaka saba dada yetu alihangaika kulifuta neno lile. Kila kikao alijibiwa kwa upole, "Mama, si wewe mwenyewe uliyeandika?" Lilimchoma. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaiacha chai ikapoa.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba 2023. Aliendelea kuhudhuria vikao akikalia mto, mpaka miguu ilipogoma. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake. Ameacha pia fundi saa, aliyeketi safu ya pili pamoja na dada yake. Mzee bado anaishi makaoni. Kikao chake ni tarehe 27 mwezi huu, saa nne asubuhi, na hana mtetezi. Anayesoma haya ameshachukua fomu ya kuwa mtetezi wake, na anaogopa.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo mwenyewe alijinyima.