Bi. Nkirote na Neno Moja Kwenye Fomu

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, Bi. Nkirote Muriuki anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha picha za ubongo hapa mjini Saint Paul kwa miaka ishirini na sita na miezi minane. Nimeombwa niandike habari zake kwa kifupi. Nimejaribu, lakini yeye mwenyewe hajawahi kufanya jambo kwa kifupi, kwa hiyo lawama tugawane.

Alianza Septemba 1998 akiwa msaidizi wa kusukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, miaka minne tu baada ya kutoka Meru. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha kwenye mlango wa chumba cha MRI, lakini akishawafikisha alibaki pale akichungulia. Aliuliza maswali mengi mpaka mkuu wa wakati ule akamwambia aende chuo akaulize huko. Akaenda kweli. Alisoma huku akifanya kazi na kumlea mwanawe Lenny, na mwaka 2004 akakalia kiti cha mtaalamu wa mashine. Kiti hicho hadi leo kimefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na mrithi wake ameonywa asikiguse.

Sisi tuliofanya naye kazi tunazijua dakika tano za Nkirote. Kila aliyeingia kwenye mashine aliahidiwa kwamba zimebaki dakika tano, hata kama zilibaki ishirini. "Usi-move, mpenzi, five minutes tu," alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, na watu wazima na ndevu zao wakatulia. Tunazijua pia pini zake. Sumaku ya mashine ile haina utani na chuma, na mama zetu hawaachi kubana vitenge kwa pini, kwa hiyo aliweka chupa ya jemu mlangoni ya kuzikusanyia. Imeshajaa mara mbili.

Ila jambo ninalomheshimia zaidi lilitokea majira ya baridi ya mwaka 2023.

Wakati huo kituo kilikuwa na utafiti juu ya watu wasioona mbali kabisa, wale ambao wakivua miwani hawamtambui hata aliyekaa nao mezani. Watafiti walitaka kujua kama damu inatembea tofauti katika ubongo wao, hasa sehemu ya kisogoni inayopokea habari za macho. Kipimo chenyewe hakina sindano. Mashine inaitia alama damu kwa sumaku, kisha inaifuata inavyopanda kichwani. Sharti ni moja tu: mtu alale chali, afumbe macho, lakini asipitiwe na usingizi, maana anayesinzia mwendo wa damu yake hubadilika na kipimo huharibika.

Wakenya na Wakongo kumi na mmoja walijitolea kupitia makanisa yetu, na Nkirote akapewa kazi ya kuitafsiri fomu ya maelekezo. Aliandika: "Lala chali, fumba macho, kaa macho." Akaisoma tena, akacheka. Mtu afumbe macho halafu akae macho? Tena mtu mwenye macho mabovu? Aliona watu watadhani wanadhihakiwa, akaifuta sehemu ya mwisho na kuweka "utulie". Fomu ikasomeka: Lala chali, fumba macho, utulie. Ililetwa kwangu mapokezi niisahihishe. Nikakisifu Kiswahili chake.

Wiki kadhaa baadaye picha za watu wetu zilionyesha damu kidogo kisogoni kuliko za wenzao wote waliopewa fomu ya Kiingereza. Mmoja wao, Mama Bernardine, Mkongo wa Saint Louis Park, ambaye miwani yake ni nene kama kitako cha chupa, alipata barua ya kuitwa kwa uchunguzi zaidi. Alikuja mapokezi akiwa ameikunja barua mpaka imechakaa. Aliogopa kwamba anakuwa kipofu, kwamba atanyang'anywa leseni ya kuendesha gari, na pasipo gari hakuna kazi ya kiwandani kule Savage wala chakula cha watoto wanne. Nkirote akamkalisha, akammiminia chai, akamuuliza siku ile ya kipimo alijisikiaje.

"Mama, mulisema nilale, nikalala," Bernardine akamjibu. "Tena nililala muzuri kuliko kwangu."

Nkirote aliiweka chupa ya chai chini taratibu. Alitoa fomu kwenye droo, akaisoma, kisha akanitazama mimi. Tulikwenda kufungua kumbukumbu za mkanda wa kupima pumzi, ule ambao kila anayepimwa hufungwa kifuani; hakuna aliyekuwa amezitazama. Wote kumi na mmoja walikuwa wakipumua taratibu na kwa mpigo sawa, pumzi za watu waliotoka kazini alfajiri na hatimaye wakaambiwa na mtu wa heshima kwamba walale.

Angeweza kunyamaza. Kituoni hapakuwa na mwingine aliyejua Kiswahili ila mimi, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kunyamaza. Ripoti ilikuwa karibu kutoka, na miaka yake yote ya kuaminiwa ilikuwa kwenye karatasi ile. Jumatatu alisimama mbele ya watafiti akasema kosa ni lake, na jina langu hakulitaja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mficha uchi hazai, ila si lazima tuvue nguo wote wawili.

Nililia siku hiyo, na sioni aibu kuliandika.

Walirudia vipimo vyote kumi na moja siku za Jumamosi. Yeye mwenyewe alitoka kwake Apple Valley kwenye theluji akawafuata watu majumbani. Fomu mpya ilisema: Jilaze chali, fumba macho, usisinzie. Kila baada ya dakika chache aliuliza kwenye kipaza sauti, "Bernardine, uko macho?" naye akabonyeza kitufe kujibu. Safari hii damu yake ilifanana na ya wenzake. Barua ile ilifutwa, na Bernardine bado anaendesha gari kwenda Savage kila siku, ingawa kwa mwendo unaowaudhi walio nyuma yake.

Mama Lenny, asante kwa pini, kwa chai, kwa dakika zako tano zisizokwisha, na kwa siku ile ya Jumatatu. Bernardine ametuma kitenge, bila pini. Fomu tumeitundika juu ya mashine. Jumatatu ijayo simu yako haitalia saa kumi na moja alfajiri, na hakuna atakayekuuliza kama uko macho. Tunakuombea siku njema na ndefu. Jilaze, dada. Na sasa ulale.

Keziah Mumbi, mapokezi